Kaka alipoanza kuona taa nne

Kaka yangu ni dereva wa daladala. Jioni moja akaniambia, "Mdogo wangu, naona taa nne kwenye gari yenye mbili." Hospitali ya kwanza ikampa miwani, ya pili dawa za mafua. Miezi 5 ikayeyuka hivyo.

Wewe anza hapa. Mgonjwa azibe jicho moja, kisha lingine. Akiziba lolote akaona kitu kimoja, miwani ya kusomea haina kazi hapo. Macho yameacha kwenda pamoja. Kisha peleka kalamu kulia na kushoto, kichwa kikiwa kimetulia. Jicho la kushoto la kaka lilifika katikati likagoma kwenda nje. Neva ya sita ndiyo hulivuta, nayo hupanda ikiambaa kitako cha fuvu, nyuma ya pua. Kisukari nacho huweza kuilegeza, lakini usikubali kubahatishiwa: omba MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya kichwa.

Kwetu kilichoibana neva hiyo kilikuwa kodoma, saratani ya mfupa inayoota kwenye mabaki ya uti wa mtoto akiwa tumboni. Kwa mwaka humpata kama mtu 1 katika milioni. Piga na CT skani, maana ndiyo inayoonyesha mfupa ulivyoliwa. Kinyama cha uvimbe kikikatwa kupimwa, uliza kama maabara imepima brakiyuri, protini inayoitambulisha kodoma. Litamke tu, hata ukijikwaa. Kondrosakoma, saratani ya gegedu, hufanana na kodoma kwenye picha, ila brakiyuri haina, na mara nyingi ni pole zaidi.

Upasuaji walipitia puani, kwa kamera. Muulize daktari bila haya ameshafanya mangapi ya namna hiyo, kwani wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri ya kuung'oa uvimbe. Baadaye ni marufuku kupenga kamasi. Kaka aliamka mto umelowa, tukadhani jasho. Alipoinama, puani yakadondoka maji maangavu, yenye chumvi. Ni maji ya ubongo hayo. Rudi hospitali siku hiyohiyo.

Kemotherapi ya kawaida haifui dafu kwa kodoma. Kinachofuata ni mionzi, tena mingi, grei (kipimo cha mionzi) 70 na zaidi, milimita chache tu kutoka shina la ubongo. Ndiyo maana hupendekezwa mionzi ya protoni, chembe ambazo huishia ndani ya uvimbe. Sisi tuliandikiwa Chennai, India, wanakozitumia tangu 2019. Beba CD za picha zenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake, pamoja na kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta. Kiweke kwenye mkoba wa mkononi. Sisi tulikiacha Dar, tukasubiri wiki mbili kiletwe.