Kipimo cha DBS kwa mtoto wa wiki sita: kuanzia kisigino hadi majibu

Mama anayeishi na VVU akija kliniki na kichanga, swali huwa moja: "Nesi, mtoto amesalimika?" Jibu linatoka kwenye DBS, yaani matone ya damu ya kisigino yanayokaushwa kwenye kadi, kisha kupimwa maabara kwa kipimo kiitwacho PCR. Huku nyanda za juu kusini tunaulizwa sana. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa wenye miaka 15 na kuendelea, Iringa 11.1, Mbeya 9.6.

Hatua ya 1: Usikubali kipimo cha haraka kiwe jibu

Kile cha dakika chache kinatafuta antibodi. Mtoto amezipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na zinaweza kubaki naye hadi miezi 18. Kikitoa mistari miwili, huenda kinasoma mwili wa mama tu. PCR inatafuta vinasaba vya kirusi chenyewe: RNA yake inageuzwa kuwa DNA, kisha mashine inaizidisha, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Mizunguko 30 inatoa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka kipande kimoja.

Hatua ya 2: Mlete akiwa na wiki nne hadi sita

Wengi huunganisha na chanjo za wiki ya sita. Mvalishe soksi. Kwa asubuhi za Tukuyu, kisigino cha baridi hakitoi damu, na kikikamuliwa, damu inachanganyika na majimaji ya mwili.

Hatua ya 3: Angalia kadi

Kisigino kikishachomwa, tone la kwanza linafutwa kwa pamba kavu. Yanayofuata yanajaza vijiduara vitano, damu ipenye hadi upande wa nyuma. Mimi huigeuza kadi mama aone: ukiona weupe katikati ya duara, bado. Tone juu ya tone hapana, na kidole kisiguse.

Hatua ya 4: Kukausha

Hapa ndipo sampuli nyingi zinapoharibika. Kadi inalazwa bapa masaa matatu kwa uchache, mbali na jua, vumbi na jiko. Mvua za Aprili huku Rungwe zikishika, masaa matatu hayatoshi. Naziacha hadi kesho yake. Kisha zinafungwa pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu na kikadi cha bluu. Kikigeuka pinki, unyevu umeingia, vifuko vibadilishwe.

Kwa hiyo ukipigiwa simu urudi kutolewa damu upya, usianze kulia njiani. Mara nyingi maabara imeikataa kadi, basi.

Hatua ya 5: Majibu

Kadi zinakwenda maabara kubwa, kama ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Jibu likiwa chanya, yaani kirusi kimeonekana, mtoto anaanza ARV (dawa za kufubaza VVU) siku hiyohiyo, na damu ya pili inachukuliwa kuthibitisha. Dawa hazingoji jibu la pili.

Likiwa hasi, ni hasi ya siku ile. Bado ananyonya, kwa hiyo atapimwa tena akiwa na miezi 9, miezi 18, na baada ya kuacha ziwa. Septrin, dawa ya kumkinga na magonjwa nyemelezi, inaendelea mpaka uambiwe. ARV zako usiruke hata siku moja, ndizo zinazomlinda.

Usimwachishe ziwa kwa hofu. Miezi sita ya kwanza ni maziwa yako peke yake, maana kuchanganya na vyakula vingine kunaongeza hatari ya maambukizi. Bibi akitaka kumwonjesha uji wa ndizi akiwa na miezi mitatu, mwambie nesi amekataa. Lawama tumezizoea.