Kusoma baruapepe za bukingi kwa Python bila kumpoteza mgeni

Mwongozo huu ni kwa wanaoandika programu ya nyumba ya wageni, huko Zanzibar, iwe Jambiani, Nungwi au Mkoani, ambako bukingi huingia Gmail na mtu wa mapokezi huzinakili kwa mkono. Lengo ni programu isome ujumbe, itoe jina, tarehe, saa ya kufika na kiasi. Programu ikikosa uhakika, isikisie: impe binadamu aamue. Kukisia ndiko kunakomwacha mgeni bandarini Malindi hana wa kumpokea.

Washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha tengeneza nenosiri la programu. Ni herufi 16, na Gmail haipokei nenosiri la kawaida kwa kazi hii. Usiliandike ndani ya msimbo. Liweke kwenye vigezo vya mazingira ya mashine (environment variables). Halafu, ndani ya Gmail, tengeneza lebo iitwayo Bukingi na kichujio kinachopeleka humo ujumbe wa mawakala. Kupitia IMAP, njia ambayo programu hutumia kusoma barua zilizo kwenye seva, lebo huonekana kama folda, kwa hiyo programu haitagusa barua nyingine za ofisi.

```
import imaplib, os
from email import message_from_bytes, policy

s = imaplib.IMAP4_SSL("imap.gmail.com", 993)
s.login(os.environ["ANWANI"], os.environ["NENOSIRI"])
s.select("Bukingi", readonly=True)
_, jibu = s.uid("SEARCH", "SINCE", "01-Jul-2025")
for uid in jibu[0].split():
    _, data = s.uid("FETCH", uid, "(BODY.PEEK[])")
    m = message_from_bytes(data[0][1], policy=policy.default)
```

Usiache `PEEK` wala `readonly`. Ukivikosa vyote viwili, kila ujumbe unaosomwa na programu huonekana umeshafunguliwa, na mtu wa mapokezi ataupita akidhani mwenzake ameshaushughulikia. Jina la mwezi kwenye `SINCE` ni la Kiingereza daima, lugha ya mashine iwe yoyote. Seva pia hulinganisha siku tu, bila saa, hivyo rudi nyuma siku moja kisha ondoa zilizojirudia kwa `Message-ID`, kitambulisho cha kila barua.

Ukitaka kuendelea ulipoishia, hifadhi UID ya mwisho, yaani namba ambayo seva huupa kila ujumbe ndani ya folda, pamoja na `UIDVALIDITY`, namba ya folda yenyewe. Hiyo ya pili ikibadilika, namba zote za zamani hazina maana tena. Kuna mtego: ukiomba `4312:*`, yaani kuanzia UID 4312 hadi mwisho, seva hurudisha ujumbe wa mwisho hata kama namba yake ni ndogo kuliko 4312. Chuja mwenyewe.

`policy.default` hufasiri vichwa vya barua, kama jina la mtumaji na mada, vilivyoandikwa kwa usimbaji. Bila hiyo, jina la Kiitaliano kama Nicolò huja kama `=?UTF-8?Q?Nicol=C3=B2?=`, na ndivyo litakavyoandikwa kwenye kibao cha dereva uwanja wa ndege wa Kisauni.

Mwili wa ujumbe ni mti wenye matawi: maandishi matupu, HTML, viambatisho. Usitafute chochote kwenye maandishi ghafi, maana humo mistari hukatwa katikati na alama ya sawasawa hugeuka `=3D`.

```
sehemu = m.get_body(preferencelist=("plain", "html"))
try:
    maandishi = sehemu.get_content() if sehemu else ""
except LookupError:
    maandishi = sehemu.get_payload(decode=True).decode("utf-8", "replace")
maandishi = maandishi.replace("\xa0", " ")
```

`LookupError` hutokea mtumaji akitaja usimbaji wa herufi (charset) usiojulikana. Ile `\xa0` ni nafasi isiyokatika: kwa macho ni nafasi ya kawaida, lakini ukitafuta maneno yaliyoandikwa kwa nafasi ya kawaida hutayapata. Mawakala wengine hutuma sehemu ya maandishi matupu yenye sentensi moja tu ya kukuambia ufungue HTML. Kwa hiyo namba ya bukingi isipoonekana, chukua `html`, ipitishe BeautifulSoup, maktaba ya Python ya kusoma HTML, kwa `get_text("\n", strip=True)`, utafute upya.

Sasa tarehe. `03/07/2025` kwa Mwitaliano ni Julai 3, kwa Mmarekani ni Machi 7. Namba zote mbili zikiwa 12 au pungufu na hujui mpangilio wa mtumaji huyo, ujumbe uende kwenye foleni ya kukaguliwa. Kiasi nacho: `1.250,00` na `1,250.00` ni fedha ileile, basi kila wakala awe na kanuni yake, na hesabu zifanywe kwa `Decimal`, aina ya namba ya Python isiyopoteza senti. Saa ya ujumbe kutumwa ibadilishwe kwenda `Africa/Dar_es_Salaam` kabla ya kuihifadhi.

Saa ya kufika ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwa sababu madereva na wenyeji huandika saa ya Kiswahili. Neno "saa" likitangulia namba, na kipindi kikatajwa, fanya hivi:

```
def saa_24(h, kipindi):
    if kipindi in ("usiku", "alfajiri") or (h == 12 and kipindi == "asubuhi"):
        return (h + 18) % 24
    return h + 6
```

Saa 2 usiku inatoa 20, saa 9 usiku 3, saa 11 alfajiri 5, saa 8 mchana 14, saa 12 jioni 18. Mstari wa sharti una "asubuhi" kwa ajili ya saa 12 asubuhi, ambayo bila hivyo ingesomeka 18. "Saa 2" peke yake haitoshi. Ipeleke kwenye foleni. "2 pm" ina njia yake na isipitie hapa kabisa.

Viambatisho vitolewe kwa `iter_attachments()`. Humo huja nakala za pasipoti na vyeti vya bima ya safari ambayo wageni wanatakiwa kuwa nayo tangu Oktoba 2024. Ni nyaraka za watu: folda isifunguke kwa kila mfanyakazi, na usitumie jina la faili alilotuma mgeni. Lipe jina lako mwenyewe, kwa kuwa jina lenye alama ya mkwaju laweza kuandika faili nje ya folda uliyokusudia.

Hifadhi ujumbe halisi mmoja mmoja wa kila wakala kama faili la `.eml`, ufute majina, na uyapitishe mafaili hayo yote kwenye programu kila unapobadili msimbo. Wakala akibadili sura ya barua zake, foleni ya kukaguliwa itajaa ghafla. Hapo ongeza faili jipya na kanuni yake, lakini ile ya zamani iache, maana bukingi zilizotumwa kabla bado zimo kwenye folda.