Dawa za Ayurveda katika jiko la nyumbani Lubumbashi

Ayurveda ni elimu ya tiba iliyozaliwa India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na sehemu yake inayofaa zaidi nyumbani ni ile inayotegemea viungo vya jikoni, ambavyo vingi vinapatikana katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na katika maduka ya Wahindi mjini. Maelezo haya yanahusu viungo hivyo tu, kwa mafua, kikohozi chepesi na tumbo lenye gesi.

Tuanze na kikohozi, kwa kuwa katika mwezi wa sita na wa saba, usiku unapokuwa wa baridi kali na vumbi limejaa hewani, nyumba nyingi huwa na mtu anayekohoa. Ayurveda hukihesabu kikohozi chenye makohozi kuwa ni kuzidi kwa kafa, yaani ubaridi na unyevu mwilini, na hukikabili kwa vitu vikali vya joto. Chukua kipande cha tangawizi mbichi chenye urefu wa kidole gumba, kioshe, kiponde bila kukimenya, kisha ukitie katika vikombe viwili vya maji pamoja na punje tano au sita za pilipili manga zilizopasuliwa. Chemsha kwa moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, mpaka kibaki kikombe kimoja. Wataalamu wa zamani walitaka maji yabaki robo, lakini kwa nyumbani nusu yatosha, maana dawa nzito huchoma tumbo. Ukiwa na majani ya kivumbasi, ndugu wa karibu wa tulasi ya Wahindi, yatie mwisho kabisa, epua sufuria na uifunike kwa dakika kumi, kwa sababu mafuta yake yenye harufu hupotea na mvuke. Asali hutiwa dawa ikishakuwa vuguvugu, kwani Ayurveda inakataza kuipasha moto. Mtu mzima anywe nusu kikombe asubuhi na nusu jioni. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu ambavyo sumu yake hupooza misuli ya mtoto mchanga.

Mchemsho huu huchukua muda, na katika baridi wengi huingiza ndani mbabula, yaani jiko la makala (makaa). Tafadhali upike nje. Moshi wa makala huzidisha kikohozi kile kile unachokitibu, na hewa yake yenye sumu, isiyo na harufu, huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa.

Kwa mafua, manjano, ambayo wauzaji wengi huiita kurkuma, hunywewa usiku: nusu kijiko kidogo katika kikombe cha maziwa ya moto, pamoja na pilipili manga kidogo sana, ambayo husaidia mwili kuifyonza. Napendelea kununua mizizi mibichi badala ya mikavu au poda, kwa sababu nchini Bangladesh iligunduliwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara waliipaka mizizi mikavu ya manjano rangi yenye risasi, metali yenye sumu, ili ing'ae. Chemsha mizizi mpaka kijiti kiingie bila kulazimishwa, ikate vipande vyembamba, ianike mpaka ivunjike kwa sauti kavu, ndipo uitwange. Kinu kitabaki na rangi ya njano kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo hiyo ya risasi, jiepushe na poda na vidonge vilivyofungashwa usivyojua asili yake. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa madini makusudi, na uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta takriban moja ya tano ya zile zilizouzwa kwenye intaneti zina risasi, zebaki au arseniki. Watoto wa mji wa migodi kama huu tayari wanakutana na metali katika vumbi, na haifai kuwaongezea kwa kijiko.

Tumbo lililojaa gesi halina kazi kubwa: changanya jira, mbegu za giligilani na shamari kwa kiasi sawa, chemsha kijiko kidogo kimoja katika vikombe viwili vya maji kwa dakika tano, chuja, unywe baada ya chakula. Kuhara ni jambo jingine. Hapo kinachookoa maisha ni maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na safari ya haraka kwenda kituo cha afya kama choo ni kama maji ya mchele, maana hiyo huenda ni kipindupindu.

Homa nayo ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na kikohozi kilichopita wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Ukifika kituoni, mweleze muuguzi kila ulichokunywa nyumbani na kwa kiasi gani, hasa ukiwa mjamzito, ukiwa na mawe ya nyongo au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa manjano na tangawizi nyingi zinaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo na kusababisha kutoka damu.