Tsunami Itokayo Ng'ambo: Maandalizi ya Lamu na Kiunga

Anza kwa kuuliza tetemeko limetokea wapi. Lile la Sumatra, Indonesia, 26 Desemba 2004, lilipiga saa 9:58 usiku kwa saa zetu, na mawimbi yakafika Kenya mchana. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Likitokea Makran, upande wa Iran na Pakistan, kama mwaka 1945, muda wa kujiandaa ni mfupi zaidi.

Tahadhari za Bahari ya Hindi hutolewa na vituo vya Australia, India na Indonesia, kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Hapo ndipo watu hukosea. Toa 3 upate saa ya Kiswahili: 06:00 UTC ni saa 3 asubuhi.

Kisha angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo wimbi dogo likikuta maji yamejaa hupanda hadi gatini. Likikuta yamekupwa, huenda likaishia mchangani.

Kiunga na Ras Kamboni, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, wakubaliane mapema nani ampigie nani, kila upande namba mbili, mitandao hukatika. Mashua zilizo baharini ziitwe kwa redio ya VHF, chaneli 16, zikae penye kina cha zaidi ya mita 100. Iliyofungwa gatini iache, ikiwa muda umebana.

Watu wa Shela, kisiwani Lamu, pandeni vilima vya mchanga. Maji yakikupwa ghafla, asishuke mtu kuokota samaki. Wimbi la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote, na mengine huendelea kuja kwa saa kadhaa.