Somo: Safari ya kwanza ya miji ya Japani kwa treni (anza na kitanda, treni itafuata)

Karibu kila anayenitafuta kuhusu Japani huanza na swali moja: "Ile pasi ya treni inanunuliwa wapi?" Namwelewa. Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, ndiyo ndoto yenyewe. Ilianza kubeba abiria tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, na hadi leo ukiiona inaingia stesheni na pua yake ndefu, moyo unaruka. Sisi tuliozoea kusifia treni yetu ya mchongoko ya Dar hadi Dodoma kwa kilomita 160 kwa saa, tunakaa kwenye kitu kinachokwenda 285 na kikombe cha chai mezani hakitikisiki.

Lakini pasi, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi kwa siku kadhaa, ni jambo la kuamua mwishoni. Niliishi Osaka miaka miwili nikisoma, nikapokea ndugu na marafiki kadhaa waliokuja kutembea. Safari zilizowachosha hazikuharibiwa na treni. Ziliharibika mapema, kwenye karatasi ya mpango: miji sita kwa siku kumi, kila mji usiku mmoja, sanduku linaburutwa kila asubuhi. Ndiyo maana somo langu linaanza na mahali pa kulala.

Hatua ya 1: Chagua vitanda viwili, visizidi vitatu

Kwa siku kumi, mpango ninaompa mgeni wa mara ya kwanza ni huu: usiku nne Tokyo, usiku mmoja Hiroshima, usiku nne Osaka. Watu hushtuka, "Kyoto je? Nara je?" Fungua ramani uone. Kutoka stesheni ya Osaka hadi Kyoto ni kama nusu saa kwa treni ya kawaida ya haraka, wala si Shinkansen. Kobe ni chini ya nusu saa. Nara haifiki saa moja. Himeji, penye ngome ile nyeupe ya mbao iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1993, ni kama saa moja. Unatoka asubuhi na mkoba mdogo begani, unarudi jioni kwenye chumba kilekile na nguo zako zimeanikwa palepale ulipoziacha. Hoteli za Osaka pia mara nyingi ni nafuu kuliko za Kyoto, hasa msimu wa maua ya micheri.

Tafuta hoteli iliyo dakika zisizozidi kumi kwa miguu kutoka stesheni. Akiba ya hoteli ya mbali utaimaliza kwa uchovu.

Jambo jingine la kuamua hapahapa: ingia kwa Tokyo, toka kwa uwanja wa Kansai ulio karibu na Osaka. Ukikata tiketi ya ndege ya kuingia na kutokea Tokyo, siku ya mwisho inaliwa yote na kurudi ulikotoka.

Hatua ya 2: Viza na tarehe

Watanzania na Wakenya tunahitaji viza kabla ya kuondoka. Ubalozi unataka ratiba ya siku kwa siku, yaani tarehe, utakuwa wapi, utalala wapi. Hapo utaona faida ya kuanza na vitanda, kwa sababu ratiba tayari unayo. Usilipie ndege au hoteli isiyorudisha hela kabla viza haijatoka.

Kuhusu tarehe, epuka vipindi vitatu ambavyo Wajapani wenyewe husafiri kwa wingi: wiki ya sikukuu inayoanza mwisho wa Aprili hadi siku za mwanzo za Mei, katikati ya Agosti wanapokwenda kuwakumbuka wazee wao waliotangulia, na mwaka mpya. Maua ya micheri Tokyo na Kyoto huchanua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Ni mazuri kweli, na bei za vyumba hupanda nayo. Mimi ningekushauri nusu ya pili ya Novemba: majani mekundu, hewa kavu, baridi ya kuvaa sweta tu.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nauli ndipo uulize pasi

Pasi ya taifa zima ya siku saba ilikuwa yeni 29,650. Oktoba 2023 ikapanda hadi yeni 50,000. Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni ni wa bei ile ya zamani, na watu wanaufuata hadi leo.

Chukua mpango wetu. Tokyo hadi Hiroshima ni kama yeni 19,500. Hiroshima hadi Osaka ni kama 10,500. Jumla 30,000 hivi. Hata ukiwa king'ang'anizi wa kwenda Tokyo, Kyoto, Hiroshima kisha kurudi Tokyo, unafika kama 45,000. Bado hujaigusa bei ya pasi. Kwa safari ya kwanza ya namna hii, kata tiketi moja moja. Anayelala Osaka na kutaka kuzunguka sana upande ule, hadi Himeji na Hiroshima, aangalie pasi ya eneo la Kansai na Hiroshima ya siku tano. Bei yake haifiki nusu ya ile kubwa.

Ukinunua mojawapo ya pasi hizi mbili, hakikisha pasipoti yako imegongwa muhuri wa mgeni wa muda mfupi pale uwanja wa ndege. Bila huo hupewi.

Hatua ya 4: Kukata tiketi na kuchagua kiti

Kwenye njia ya Tokyo hadi Osaka kuna treni za aina tatu. Nozomi, yaani matumaini, husimama vituo vichache tu. Hikari, mwanga, husimama zaidi kidogo. Kodama, mwangwi, husimama kila kituo. Nozomi hufika Kyoto kwa saa mbili na robo hivi, Kodama inakaribia saa nne. Kosa la mgeni ni kupanda Kodama kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yake.

Unaweza kukata kwa programu ya simu ya SmartEX au kwenye mashine za stesheni, ambazo zina Kiingereza. Ukitoka Tokyo, omba kiti E. Ndicho cha dirisha upande wa kulia. Dakika arobaini na kitu baada ya kuondoka, kama hakuna mawingu, mlima Fuji unajitokeza mzima. Nilipompeleka dada yangu, alikuwa ameanza kusinzia. Nikamgusa bega. Aliukazia macho bila kusema neno mpaka ukapotea nyuma ya majengo, kisha akaniuliza kama tukirudi tutauona tena.

Tiketi za mashine mara nyingi hutoka mbili: moja ya nauli, nyingine ya mwendokasi. Kwenye geti unaziingiza zote mbili kwa pamoja, zinatokea upande wa pili, unaziokota na kuzitunza. Utazihitaji kutoka.

Na sasa jambo letu sisi Waswahili. Ratiba zao zimeandikwa kwa saa 24. Tiketi ikisema 9:03, hiyo ni saa tatu na dakika tatu asubuhi. Ikisema 15:30, ni saa tisa na nusu alasiri. Aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili akiwa na haraka huteleza hapo, na treni haitamsubiri hata dakika moja. Andika saa zote mbili kwenye karatasi moja, uiweke pamoja na pasipoti.

Hatua ya 5: Kadi ya kugusa

Kwa treni za mjini, mabasi na hata maduka ya saa 24, pata kadi ya kugusa kama Suica au ICOCA. Unaijaza pesa, unagusa ukiingia, unagusa ukitoka. Kadi ya Tokyo inafanya kazi Osaka pia. Isipokuwa usianze nayo eneo moja ukamalizia eneo jingine la mbali, geti litakukatalia. Pesa taslimu utazitoa kwenye mashine za maduka ya 7-Eleven, zinapokea kadi za nje.

Hatua ya 6: Mizigo

Hapa ndipo Waafrika Mashariki tunapokwama, maana sanduku letu huwa limebeba na la jirani. Pima urefu, upana na kimo, ujumlishe. Ikizidi sentimita 160, kwenye Shinkansen ya Tokyo hadi Osaka na kuendelea lazima ukate kiti cha mwisho wa behewa chenye nafasi ya mizigo nyuma yake. Hakuna malipo ya ziada ukikata mapema, lakini ukipanda bila kukata unatozwa yeni 1,000.

Njia bora ni kutuma sanduku. Huduma inaitwa takuhaibin. Unaliacha mapokezi ya hoteli ya Tokyo, unajaza fomu, kwa kawaida kesho yake liko hoteli ya Osaka. Wewe unakwenda Hiroshima na begi la nguo za usiku mmoja.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika nusu saa kabla. Nunua ekiben, chakula cha boksi kinachouzwa stesheni, ule safarini. Hakuna atakayekutazama vibaya kwa kula ndani ya Shinkansen. Simu ipokee kwenye nafasi ya mlangoni, usiipokee kitini. Sakafuni jukwaani kuna namba za mabehewa. Tafuta yako, panga foleni hapo, na mlango utafunguka mbele yako kwelikweli. Vituo vya njiani treni husimama dakika moja au mbili, kwa hiyo simama na mzigo wako kabla haijafika.

Angalia jina la stesheni hadi herufi ya mwisho. Shinkansen haifiki stesheni ya Osaka. Inafika Shin-Osaka, na ya Osaka ni kituo kimoja mbele kwa treni ya kawaida. Shin-Yokohama na Shin-Kobe nazo ni hivyohivyo. Rafiki yangu alinisubiri Osaka nikimsubiri Shin-Osaka, na simu yake ilikuwa haina intaneti. Tulionana baada ya saa mbili.

Kuhusu Hiroshima, wengi huniuliza kwa nini isiwe ya kwenda na kurudi siku moja. Inawezekana, lakini laleni pale. Tramu inakupeleka hadi kwenye lile jengo lililobaki na kuba ya chuma tupu, karibu kabisa na bomu la atomiki lilipolipukia tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi. Siku tatu baadaye sehemu ya njia ya tramu ilikuwa imeanza kazi tena, na baadhi ya mabehewa yaliyonusurika yamehifadhiwa yakiwa bado yanatembea. Ukitoka kwenye makumbusho hutataka kukimbilia treni. Utataka kukaa kando ya mto. Kesho yake asubuhi nenda kisiwa cha Miyajima: chini ya nusu saa kwa treni, dakika kumi kwa kivuko, na lango jekundu la hekalu limesimama baharini.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo dada. Nakwenda na mama, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Marahaba mdogo wangu. Ataweza, ila mpango wako uwe wa mama. Stesheni kubwa zina lifti, lakini lifti inaweza kuwa mwisho mwingine wa jukwaa, kwa hiyo kati ya treni na treni acha dakika thelathini badala ya kumi. Hekalu la Fushimi Inari la Kyoto, lenye yale malango mekundu, liko mbele ya stesheni ya Inari ya JR, kundi kubwa la kampuni za reli za Japani. Sehemu ya chini ataifurahia bila kupanda mlima. Na mama msikilize akisema amechoka hata kama ratiba inasema bado.

Assalaam aleikum. Niko Muscat na familia, tunaogopa chakula. Treni tumeelewa.

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hofu yako ina msingi. Supu nyingi za tambi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na mchuzi wa nyama huenda umetiwa mirin, ambayo ina pombe. Hifadhini alama hizi kwenye simu: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Mtakachoweza kula kirahisi ni tonge za wali za dukani, onigiri, lakini someni viungo vyake. Kuna ya samaki inayoitwa "sake". Msishtuke, hiyo ni samoni, huandikwa 鮭, inatamkwa tu sawa na pombe. Kwa sala na ushauri wa migahawa, Tokyo kuna msikiti mkubwa wa Tokyo Camii karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara. Kobe kuna msikiti wa kwanza wa Japani, wa mwaka 1935, unafikika kwa miguu kutoka stesheni ya Sannomiya. Kwa familia yenu hiyo ni sababu nyingine ya kulala Osaka.

Watoto wanalipa? Nina wa miaka minne na wa tisa.

Wa tisa analipa nusu, kwa kuwa nusu nauli ni kuanzia miaka 6 hadi 11. Wa minne hulipii kama hachukui kiti chake mwenyewe. Kwa saa mbili na nusu mapajani, mimi ningemkatia nusu nauli apate kiti.

Nikichelewa treni niliyokata kiti, hela imepotea?

Hapana. Siku hiyohiyo unaweza kupanda treni inayofuata, kwenye mabehewa yasiyo na viti vya kukatwa, ambayo kwa Nozomi huwa ni ya mwanzo kabisa. Nenda namba 1, simama kwenye foleni. Siku za msongamano mkubwa Nozomi zote huwa za viti vya kukatwa, hapo utasafiri umesimama mlangoni.

Dada, Kijapani sijui hata neno. Nitaulizaje?

Matangazo ya Shinkansen na vibao vya stesheni vina Kiingereza. Mtu wa stesheni mwonyeshe tiketi yako, aghalabu atakuelekeza kwa mkono au atafuatana nawe hatua chache. Jifunze "sumimasen", samahani, na "arigato gozaimasu". Na ukiwa Osaka usimseme mtu kwa Kiswahili ukidhani haelewi. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na mimi nimewahi kuamkiwa "Shikamoo" na binti wa Kijapani kwenye ngazi za umeme.