Mtoto akikwama kwenye fumbo, fanya hivi

Hapa Wete umeme ukizimika, huwatolea wajukuu fumbo la Karl Duncker, mwanasaikolojia wa Ujerumani, lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1945. Mpe mtoto mshumaa, kibiriti na kiboksi cha karatasi kilichojaa pini. Mwambie ausimamishe mshumaa kwenye mlango wa mbao. (Moto ushike wewe.)

Wengi huhangaika kuuchoma mshumaa wenyewe kwa pini. Nakuomba usimwambie jibu! Kinachomkwamisha ni kiboksi: kimejaa pini, basi yeye hukiona ni cha kuwekea pini tu. Zimwage mezani, umrejeshee kikiwa kitupu. Mara nyingi hapo hung'amua: hukipachika mlangoni kwa pini, mshumaa ukakaa juu yake.

Kisha muulize, "Mwanangu, kifuu hiki chafaa kwa kazi gani nyengine?" Majibu ya ajabu usiyacheke.