Moyo ukidunda kabla ya mechi, usikimbilie kuutuliza

Makocha wengi humwambia mchezaji "tulia", kana kwamba moyo kudunda ni ugonjwa. Si lazima. Tangu 1908 wanasaikolojia wa Marekani Yerkes na Dodson, kwa majaribio ya panya, walionyesha kwamba msisimko ukizidi huharibu kazi ngumu mapema, ilhali kazi rahisi huuhimili zaidi. Kwa hiyo angalia kwanza unakwenda kufanya nini. Mnyanyua vyuma anahitaji mwili uliochemka. Mlenga shabaha hauhitaji kabisa.

Mpiga penalti yuko karibu zaidi na huyo wa shabaha. Mabega yakipanda kuelekea masikioni na vidole vikikakamaa juu ya mpira, umeshapitiliza. Shusha mabega, vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Huko kutoa ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Mara tatu nne zinatosha.

Yale mawazo ya "nikikosa je?" hayaondoki kwa pumzi peke yake. Ipe akili kazi moja: chagua kona, na ukishaanza kuukimbilia mpira usiibadilishe.

Hasira ndiyo mbaya kuliko yote, maana hujivika joho la ari. Zidane, nahodha wa Ufaransa, alitolewa kwa kadi nyekundu katika muda wa nyongeza wa fainali ya Kombe la Dunia 2006, baada ya kumpiga Materazzi, beki wa Italia, kichwa kifuani. Ukichokozwa, mpe mgongo aliyekuchokoza na urudi kwenye nafasi yako kabla hujatamka neno.